Shawa ya kempa ilikuwa inachuruzika, fundi wa Ndeeba akaipata shida kwa saa tatu

Madereva wenzangu na yeyote mwenye kempa hapa Kampala, hii nawaandikia nyinyi, maana mimi nimehangaika na hii kitu wiki tatu na pesa imenitoka, sitaki mwingine apitie njia hiyo.

Gari ni Hiace iliyogeuzwa ya kulala. Tenki la maji lita 80 liko chini ya kitanda, pampu ndogo ya volti 12, sinki moja na shawa ya pale mlango wa nyuma. Nabeba wageni Fort Portal, Kasese, Queen Elizabeth, halafu tunapandisha Kabale hadi Bunyonyi. Safari ya mwezi uliopita tulipolala karibu na Kasese shawa ikaanza kutoa maji nyembamba kama uzi, yanakatika, yanatema hewa, yanarudi tena, na mama wa watu yuko ndani povu limejaa kichwani ananiita. Nikammalizia kwa jagi. Pampu nayo inaunguruma tu hata koki zote zikifungwa, haizimi. Iliniuma sana kwa sababu huyo mama alilipa akiambiwa gari ina shawa.

Kurudi Kampala nikaenda gereji moja, jina naliacha. Hawakufungua hata kifuniko kimoja, wakasema pampu imekufa, wakaniuzia mpya 380,000 na kufunga. Pale pale yakatoka afadhali kidogo nikaondoka. Kufika Masaka tuko palepale. Nikawapigia wakaniambia nikaze skrubu ya swichi ya presha, ile inayoizima pampu koki zikifungwa, nikaikaza, hakuna kitu.

Ndio mwenzangu wa boda akanielekeza kwa huyu fundi wa Ndeeba, upande wa Masaka Road. Amefanya kazi Nairobi miaka mingi kwa hiyo Kiswahili kinateleza. Kitu cha kwanza hakuuliza pampu ni ya kampuni gani, aliuliza hivi: "Mzee, ukichomeka mpira wa maji ya nje, inatoka aje?" Nikamwambia kwa kambi ilikuwa inatoka kidogo vilevile. Akatikisa kichwa, akanionyesha tenki lake limekaa juu ya stendi ya mita tatu hivi, akaniambia kambi nyingi zinatumia maji ya tenki kama hilo, na maji yakishuka mita 10 ndio unapata presha ya bar moja, kama psi 14 (vyote ni vipimo vya presha), sasa ya mita tatu inakupa psi nne tu na pampu ya gari inatakiwa isukume mpaka 45 au 55 ndio ijizime. Kwa hiyo kupimia gari kwa bomba la kambi utaona gari bovu hata kama ni zima. Hapo tu nilishaona nimefika kwa mtu anayejua kazi.

Akachomeka mpira kwenye maji ya National, lile shirika la maji la serikali, yanayotoka moja kwa moja barabarani, pampu imezimwa. Sinki likapiga maji ya nguvu hadi yakaruka kwenye shati langu. Shawa ikabaki dhaifu. Akasema sasa tunajua tuna shida mbili, moja iko kwa shawa yenyewe, nyingine iko kati ya tenki na pampu, mabomba ya katikati ni mazima. Dakika tano, na hajanitoza kitu.

Kichwa cha shawa alikifungua kwa mkono. Vile vitundu vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe mgumu, kile kile unachoona ndani ya birika la chai. Mimi hujaza tenki popote ninapopata maji, visima vya huko Kasese vikiwemo, sikuwahi kufikiria chokaa. Akakitumbukiza kwenye vinega, akaendelea na pampu.

Kabla ya pampu kuna kichujio kidogo cha plastiki, kifuniko chake unaona ndani. Changu kilikuwa kimejaa utando wa kijani na nyuzinyuzi za plastiki ya buluu, hizo ni za siku walipotoboa tenki kupitisha bomba, hawakuosha. Halafu raba ya kifuniko imekaa upande, imebonyea, hapo ndipo pampu ilikuwa inavuta hewa badala ya maji. Akanieleza kwamba sehemu ya kuvuta haivuji maji nje, inaingiza hewa ndani, ndio maana huoni tone sakafuni unadhani kila kitu sawa.

Nikadhani tumemaliza. Akatoa mita ya kupimia umeme, akapima betri volti 12.6, akapima kwenye waya za pampu ikiwa inafanya kazi: 10.3! Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umefungwa kwa skrubu yenye kutu chini ya kiti. Akaukwangua hadi chuma kikang'aa, akaweka terminali mpya, akapima tena ikasoma 12.1. Hata sauti ya pampu ilibadilika, ikawa nzito, na tulipofunga koki ikazima yenyewe, tak. Ile sauti ya kuzima sikuwa nimeisikia tangu Kasese.

Mwisho tukajaza dumu la lita tano kwenye sinki. Pampu yangu imeandikwa lita 11 kwa dakika, na dumu likajaa kwa sekunde 31. Kabla ya hapo nilikuwa nimepima kwangu ikachukua dakika moja na nusu na zaidi. Pampu ya zamani niliyokuwa nimeitupa nyuma ya gari akaijaribu pia, nzima kabisa, sasa nabeba kama spea.

Alichukua 60,000, raba na terminali ndani yake.

Sasa mabaya yake niyaseme pia. Sehemu ni finyu, mvua ikinyesha ni tope tupu na gari ndefu utageuza kwa shida. Hana risiti ya maana, mwenye kampuni itakusumbua. Na anafanya gari moja kwa wakati, mimi nilingoja kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tano ndio akanigusa, nikala rolex mbili (chapati ya kuviringishwa na mayai) za pale nje. Ukimpigia simu akiwa chini ya gari hapokei.

Lakini mimi narudi kwake. Wiki iliyopita nimetoka Bunyonyi na wageni wanne, wote wameoga, na kila jioni nafungua kile kichujio nakisuuza. Ukienda, fika kabla ya saa mbili, na tenki lako liwe na maji angalau nusu ili aweze kupima.