Rimu za inchi 15 ziliingia kwenye Hilux yangu, ila hazikuzunguka

Wauza rimu wana neno moja wanalolipenda: inaingia. Ukiuliza kama rimu hii inafaa gari lako, anahesabu matundu, anakuambia sita kwa sita, inaingia bosi, lete hela. Neno hilo limenigharimu zaidi ya laki tatu na siku mbili za kazi.

Pikapu yangu ni Hilux ya milango minne, ya 2013, 4WD, yaani inaweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Ilikuja na rimu za aloi za inchi 17, tairi 265/65R17. Kwa macho ni nzuri. Ila kazi yangu ni kushusha kabeji na karoti kutoka Nyandira, kule Mgeta, hadi Morogoro mjini, na mawe ya njia ile hayajali uzuri wa kitu. Rimu mbili zilipasuka ndani ya miezi minne. Ya kwanza niliichomelea, ikawa inavuja upepo kila baada ya siku mbili. Ya pili sikuhangaika nayo. Nikaamua kuhamia kwenye chuma, maana chuma kikipinda kinagongwa kinarudi. Na tairi za inchi 15 nilizoulizia zilikuwa na bei nafuu kuliko za 17.

Nikaenda Dar es Salaam, nikapata rimu nne za chuma za inchi 15 zilizotoka kwenye Hilux ya zamani, zikiwa na tairi 255/70R15 ambazo kashata zake, yaani meno ya tairi, bado zilikuwa nzuri. Nikasema nijaribu kwanza. Kijana akapiga jeki nyuma kushoto, akafunga moja, akaizungusha kwa mkono. Ikazunguka laini kabisa. "Umeona bosi? Inaingia yenyewe." Nikalipa.

Kosa langu lilikuwa hapo, na ndilo lililonifanya niandike haya. Nyuma Hilux yangu ina breki za dramu, na dramu ni duara lililokaa kimya ndani ya rimu. Mbele kuna breki za diski, na juu ya diski kuna kalipa, kile kibano kinachoibana diski, imetokeza kama nundu. Rimu inaweza kupita nyuma bila neno, ikifika mbele ikakwama. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilipofunga mguu wa mbele, nati zilikaza vizuri, matundu sita kwenye duara la milimita 139.7, tundu la katikati likakaa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba rimu, bila kuchezacheza. Kila kitu sawa. Nikaizungusha tairi: haikwenda hata robo. Ilikuwa imeng'ang'ania kalipa.

Muuzaji hakutaka kurudisha hela, eti mzigo umeshafungwa. Akanipa ushauri wa bure: "Weka hizi nyuma, mbele baki na zako." Tairi ya 255/70R15 ina kipenyo cha karibu milimita 738, na 265/65R17 ina 776. Ukitembea hivyo huku umeingiza 4WD kwenye barabara kavu, mbele na nyuma zinataka kuzunguka kwa kasi tofauti wakati gia zimezifunga pamoja. Kitakacholia ni gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Nikamshukuru, nikapakia rimu zangu.

Morogoro nikaenda gereji niliyoelekezwa. Fundi alitoa njia mbili. Ya kwanza, kusaga kalipa "kidogo tu, bosi, milimita mbili". Nilikataa kabla hajashika grainda. Kalipa ndiyo inayobeba presha ya mafuta ya breki, na mimi nateremka Mgeta na tani moja ya kabeji mgongoni. Ya pili ilikuwa spesa, vile vyuma bapa vinavyokaa kati ya habu na rimu ili kuisogeza rimu nje. Akaniwekea za milimita 5, shilingi 40,000 jozi.

Niseme haki: spesa ilifanya kazi. Ukiangalia rimu kwa ndani, kuna sehemu imebonyea katikati, pale tairi inapodondokea wakati wa kuivalisha. Ndiyo sehemu yenye kipenyo kidogo kuliko zote, na kwenye rimu zangu ilikuwa imekaa juu ya kalipa moja kwa moja. Milimita 5 zikaisogeza pembeni. Mguu ukazunguka. Fundi akafurahi, mimi nikafurahi nusu.

Nusu kwa sababu nilihesabu mizunguko ya nati. Bila spesa, nati ilikuwa inazunguka mara kumi hivi mpaka kukaza. Na spesa, sita na kidogo. Stadi za Hilux, zile skrubu zinazofungwa nati, zina unene wa milimita 12, na uzi wake unasogea milimita moja na nusu kwa kila mzunguko, kwa hiyo spesa ya milimita 5 inakula mizunguko mitatu na zaidi. Kanuni niliyofundishwa na fundi wangu wa zamani ni kwamba nati ishike urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe, yaani mizunguko minane. Nilikuwa chini ya hapo. Stadi ndefu zingetibu hilo, ila zingeongeza gharama na nafasi isingeongezeka.

Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Safari ya kwanza tu, kabla hata ya kufika Langali, nikasikia mkwaruzo mguu wa kulia. Nikashuka. Kokoto ndogo kama punje ya mahindi ilikuwa imenaswa kati ya rimu na kalipa, imechora mfereji unaong'aa ndani ya rimu. Niliitoa kwa bisibisi, nikageuza gari, nikarudi mjini taratibu.

Mara ya tatu nilikwenda na akili zangu. Nikapata rimu za chuma za inchi 16, na kabla ya kutoa senti nikaomba moja isiyo na tairi. Jirani na duka kulikuwa na mama ntilie anakanda chapati. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Naomba donge moja la ngano, nitalilipia." Akaniangalia. "Marahaba. Baba, gari nalo linakula chapati?" Akanipa bure. Nikalibandika juu ya kalipa, mgongoni na ubavuni, nikalipaka mafuta kidogo lisigande, nikafunga rimu kwa nati zote sita, nikazungusha pole pole, nikafungua. Pale ngano ilipobanwa ndipo pembamba. Nikaitoboa ngano kwa njiti ya kiberiti, nikaipima njiti kwa rula: milimita 5 palipobana zaidi. Nikarudia mguu wa pili, kwa sababu kulia na kushoto si lazima vifanane kwenye gari lililokwisha kugongwagongwa. Hapo ndipo nikalipa, 85,000 kila moja, na tano kabisa ili spea nayo ifanane.

Tairi nikavalisha 265/70R16. Kipenyo chake ni kama milimita 777, yaani sawasawa na zile za 17 zilizotoka, kwa hiyo spidomita haijabadilika.

Mambo mawili yalinisumbua hata hapo. Nati zangu za zamani zilikuwa za aloi, zile zenye shingo na washa bapa. Rimu za chuma zinataka nati zenye ncha ya koni. Ukitumia zile bapa zitakaza, utajiona umemaliza, kumbe rimu haijakaa katikati, na nati zitalegea. Nilinunua seti mpya. La pili, aliyebalansi tairi alibandika risasi za gundi, vile vipande vizito vya kusawazisha mzunguko, ndani ya rimu, juu kabisa ya kalipa. Kilometa tatu tu, ta-ta-ta-ta, risasi zote mbili za kushoto zimekwanguliwa. Nikarudi, akaweka za kupigilia kwenye ukingo. Kimya.

Sasa ni mwezi wa saba tangu nizifunge. Nimeshapinda rimu moja, ikagongwa kwa shilingi 5,000 nikaendelea na safari. Usukani umekuwa mzito kidogo, chuma ni chuma, na gari halipendezi kama zamani. Binti yangu anasema linafanana na la halmashauri.

Zile za inchi 15 zipo nne, chini ya mwembe. Mwenye Hilux ya zamani aje azichukue, aje na jeki na donge lake la ngano, na tuanzie mguu wa mbele.