Up na Amour: wazee wawili na milango ya nyumba zao

Ijumaa na Jumamosi, baada ya sala ya Isha, tulikaa sebuleni kwetu Mji wa Kale, Mombasa, tukatazama filamu mbili ambazo ni nadra kuwekwa pamoja. Ya kwanza ni Up, katuni ya studio ya Pixar iliyotoka mwaka 2009 na kuongozwa na Pete Docter, ambayo watoto walikuwa wameidai wiki nzima. Ya pili ni Amour ya mwaka 2012, kazi ya Michael Haneke, inayozungumzwa Kifaransa na kuigizwa na Jean-Louis Trintignant na Emmanuelle Riva, ambao filamu ilipotoka walikuwa wamekwisha kuvuka miaka 80. Katuni hiyo ndiyo iliyofungua tamasha la filamu la Cannes mwaka wake, na Amour ikatwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, hapo hapo miaka mitatu baadaye. Zote mbili zilishindania Oscar ya filamu bora, lakini nilizichagua kwa sababu nyingine: zote zinamhusu mzee anayeondokewa na mkewe.

Katika dakika za mwanzo za Up, maisha yote ya ndoa ya Carl na Ellie yanapita bila neno hata moja kusemwa. Wanaweka sarafu katika chupa ya akiba ili siku moja wasafiri hadi kwenye maporomoko ya maji ya Amerika Kusini, na kila mara chupa inavunjwa: tairi limepasuka, mguu umevunjika, mti umeangukia paa. Kila asubuhi Ellie anamfunga mumewe tai, na tai zinabadilika mbele ya macho yetu hadi nywele za wote wawili zinapokuwa nyeupe. Kisha Ellie anaanguka akipanda kilima, tunamwona kitandani hospitalini, na mara Carl ameketi peke yake akiwa na puto moja mkononi. Mpwa wangu wa miaka minane, ambaye alikuwa akitafuna mhogo wa kukaanga kwa kelele, alinyamaza kabisa na kujisogeza kwenye kanga ya shangazi yangu.

Pale ambapo Up inapita kwa sekunde chache, Amour inakaa kwa saa mbili. Georges na Anne, walimu wa muziki waliostaafu, wanapata kifungua kinywa jikoni katika nyumba yao ya Paris, na ghafla Anne anaacha kujibu. Macho yamefunguka lakini hayamwoni mtu. Georges analowesha kitambaa, anamkanda uso na shingo, kisha anatoka kwenda kuvaa ili atafute msaada, akiacha bomba linatiririka. Tuko naye chumbani, tunasikia maji kwa mbali, na mara sauti ya maji inakatika. Anaporudi, Anne anamlaumu kwa kusahau kufunga bomba, wala hakumbuki lolote lililotokea; lakini akijaribu kumimina kinywaji, kinamwagika nje ya kikombe. Hakuna muziki wa kutuambia tuogope, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya filamu.

Kuanzia hapo Anne anapooza upande mmoja, anamtaka mumewe aahidi kutomrudisha hospitalini, na mlango unaanza kufungwa. Hapo shangazi, aliyemuuguza mama yake kwa zaidi ya mwaka katika nyumba hii hii, aliuliza: "Mwanangu, hawa hawana jirani? Mbona hapigi hodi mtu?" Swali lake lilinifungulia filamu nzima. Kwetu nyumba ya mgonjwa haifungwi. Huyu analeta uji, yule anakuja kusoma dua, na aliyechoka hupata wa kumpokea zamu. Georges anawazuia wote, hata binti yake, na anafanya hivyo kwa mapenzi, akilinda heshima ya mkewe asionekane alivyo. Haneke hamhukumu, bali anatuonyesha jinsi nyumba inavyozidi kuwa ndogo. Carl naye alijifungia kwa huzuni, lakini kwake mtoto wa skauti anayeitwa Russell anagonga mlango, anafukuzwa, na anapatikana barazani nyumba ikiwa tayari imebebwa angani na maputo.

Up ina udhaifu wake. Mbio za kufukuzana na mvumbuzi mmoja mzee na mbwa wake wanaozungumza zimerefushwa kwa ajili ya watoto, na zinapungukiwa na ule ukweli wa mwanzo. Hata hivyo, Carl anapotupa nje samani zote ili nyumba iweze kuruka tena, na viti viwili vya wanandoa vikabaki ubavu kwa ubavu juu ya mwamba, filamu inarudi mahali pake. Kwa upande wa Amour, siukubali uamuzi ambao Georges anaufikia karibu na mwisho, wala sidhani kwamba nitaukubali kamwe, ingawa ninaelewa uchovu uliomfikisha pale. Si filamu ya kutazamwa na watoto, na wanaoitazama pamoja na wazazi wao wajue kwamba kuna mahali mgonjwa anaoshwa bila nguo. Kwa sanaa, Amour iko juu zaidi. Lakini ningeombwa filamu moja ya nyumba yenye msiba wa karibu, ningetoa Up bila kusita.

Zote mbili zinamalizikia kwenye nyumba isiyo na wenyewe. Ya Carl imetua kando ya maporomoko, mahali hasa ambapo Ellie aliichora alipokuwa mtoto. Ya Paris imefunguliwa milango yote, na binti anaingia, anapita chumba baada ya chumba, kisha anakaa kitini peke yake.