Ti Noel: mtumwa wa The Kingdom of This World, na mahali riwaya inapokupoteza

Ukinunua riwaya hii ya Alejo Carpentier (Kihispania ilitoka 1949) ili umwone Toussaint Louverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti, akipanga vita, hela yako imepotea. Toussaint utakayemkuta ni seremala aliyechonga sanamu za Mamajusi. Tunayemfuata ni Ti Noel, mtumwa wa Lenormand de Mezy, na vita vinapopamba moto yeye yuko Santiago de Cuba, alikokimbilia bwana wake. Hapo wengi hupotea: umetoka kwenye maasi, kurasa chache mbele mzee Ti Noel anarudi Haiti iliyo huru. Andika miaka mitatu pembeni: 1758 Mackandal (mtumwa mwasi) anachomwa moto, 1791 kiapo cha Bois Caïman (kilichoanzisha maasi), 1820 Henri Christophe (mfalme wa Haiti ya kaskazini) anajiua.

Mazingaombwe ya riwaya hii nimeyapenda kwa sababu yana msingi. Mackandal anasagwa mkono na kinu cha miwa, anapelekwa kuchunga ng'ombe, na huko machungani anaijua mimea na uyoga wenye sumu. Mifugo inakufa kwanza, kisha mabwana. Siku ya kuchomwa, watumwa wanamwona akipaa juu ya vichwa vyao, wanarudi mashambani wakicheka. Msimulizi anakuambia kwamba askari walimtumbukiza motoni, ila kwa zile kelele ni wachache walioona. Bila zile kurasa za machungani, kupaa huko kungekuwa kiini macho tu.

Ti Noel naye, uzeeni, anajifunza kujigeuza. Kabla ya hapo ameshabebeshwa matofali kupanda mlima kwa ajili ya ngome ya Christophe, mweusi mwenzake aliyekuwa mpishi. Sasa akiwa sisimizi anajikuta tena chini ya mizigo, akisimamiwa na sisimizi wenye vichwa vikubwa, wanyapara watupu! Akijigeuza bata bukini, kundi linamkataa kwa kukosa ukoo. Sura hizo zisome polepole.

Sura za Pauline Bonaparte, dada yake Napoleon, na Soliman, mtumishi anayemkanda mwili, zimenichosha, na wanawake watumwa hawana sauti kabisa. Ukimtaka mwanamke mtumwa anayejisimulia mapinduzi hayohayo, chukua Island Beneath the Sea ya Isabel Allende (2009). Ni nene zaidi lakini haikurushi miaka.

Utangulizi wa Carpentier kuhusu uhalisia wa ajabu, yaani maajabu yaliyomo ndani ya maisha halisi, usome mwisho. Matoleo mengine hayana, kwa hiyo fungua kurasa za mwanzo kabla hujalipa.