Vigo ya 2011 ni ipi? Uzoefu wangu na Hilux dabo kabini

Naandika haya kwa yeyote mwenye Hilux Vigo ambayo kadi yake imeandikwa 2011, au anayetaka kuinunua. Yangu ni dabo kabini, injini 2KD ya dizeli, 2.5, nne kwa nne, chesisi KUN25. Niliinunua kwa mtu Mbeya mwaka 2022 na kazi yake kubwa ni kubeba viazi kutoka shambani Makete kuja Makambako, na kurudi na mbolea. Ni gari zuri, nitalisema mbele. Lakini lilinigharimu pesa ambayo nisingeitoa kama mtu angeniambia mapema kwamba mwaka 2011 kulitoka Vigo za sura mbili, na kadi haikuonyeshi ya kwako ni ipi.

Yalianza Januari 2024. Ng'ombe alikatiza barabara usiku nikiwa nakaribia Makambako. Hakuna aliyeumia ndani ya gari, tunashukuru, ila taa kubwa ya kushoto ilipasuka, shoo (grili ya mbele) ikavunjika katikati na bampa likaachia upande mmoja. Boneti na fenda zilisalimika. Nikapiga simu duka moja la spea Gerezani, Dar es Salaam, nililopewa namba yake na dereva mwenzangu. Swali la kwanza: "Vigo ya mwaka gani?" Nikaangalia kadi, nikajibu 2011. Swali la pili lilikuwa la bei. Taa 230,000, shoo 120,000. Nikatuma pesa kwa simu, na mzigo ukaja kwa basi siku ya pili.

Fundi bodi alitoa taa kwenye boksi, akaigeuzageuza, kisha akaipachika kwenye nafasi yake. Tundu la bolti la juu lilikaa sawa. La pembeni lilipishana na lake kama upana wa vidole viwili. Kona ya nyuma ya taa ilikuwa imechongoka na ilitaka kupanda juu ya fenda, huku chini pakibaki mwanya ambao mkono unapita. Akaishusha. "Bosi, hii siyo yake. Hii ni ya sura mpya." Tukajaribu shoo nayo, ikagoma kukaa chini ya ukingo wa boneti. Fundi alijitolea kukunja vishikizo na kutoboa matundu mengine ili taa ikae. Nilikataa. Taa iliyolazimishwa haitamulika barabara, itamulika miti, na mimi natembea usiku kwenye ukungu wa Makete.

Duka lilikubali kurudisha shoo kwa sababu haikuwa na alama yoyote. Taa walikataa, wakasema imeshafunguliwa na wao waliuza walichoambiwa: Vigo 2011. Kwa upande mmoja ni kweli, nilisema 2011. Nilipaswa kuwatumia picha ya gari. Lakini mtu anayeuza spea za Hilux kila siku anajua fika kwamba mwaka huo una aina mbili, na kuuliza "sura ipi?" ni maneno mawili tu. Hilo bado linaniuma.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu aliyeko Texas, ambaye ana Ford F-250 Super Duty ya modeli ya 1999, dizeli ya 7.3. Nilipomweleza akaniambia kwao jambo hilo ni la kila siku. Super Duty za modeli ya 1999 zilianza kuuzwa mapema 1998, maana Marekani mwaka wa modeli hutangulia kalenda, kisha kwenye Desemba 1998 kiwanda kikabadilisha vitu kadhaa kwenye injini. Matokeo yake, ukienda kununua kipuri cha 7.3 unaulizwa kwanza: tisini na tisa ya mwanzo au ya mwisho? Mwenye gari anafungua mlango wa dereva, anasoma mwezi kwenye stika, anajibu. "Wewe shemeji usitaje tena mwaka," akaniambia. "Taja mwezi."

Sawa, mwezi. Lakini uko wapi? Kwenye kadi haupo. Bati dogo la kiwandani lina modeli, injini, namba ya rangi na namba ya chesisi, mwezi hakuna. Namba ya chesisi yenyewe nayo haikupi mwezi kwa kuitazama tu. Magari ya Marekani yana herufi ya 10 inayotaja mwaka wa modeli, na B ni 2011, lakini Hilux nyingi za Thailand, zile zinazoanza na MR0, hazifuati utaratibu huo. Kwenye nafasi ya 10 yangu ina sifuri.

Fundi yule yule ndiye aliyenionyesha njia ya gereji. Alivuta mkanda wa siti ya dereva mpaka mwisho, akaufuata kwa chini, na pale karibu na sakafu pana kitambaa cheupe kilichoshonewa, kimejaa vumbi la miaka. Akakifuta kwa mate na kidole: mwezi wa 3, 2011. Kisha tukaenda kwenye kava la plastiki linalozunguka feni ya rejeta. Kwa tochi ya simu ukitafuta vizuri utaona duara dogo lililochorwa ndani ya plastiki yenyewe, kama uso wa saa, namba 1 mpaka 12, na mshale katikati. Mshale wa kwangu ulielekea 3, na kushoto na kulia kwa mshale pakaandikwa 1 na 1, yaani mwaka 11. Plastiki na mkanda hutengenezwa kabla ya gari kuunganishwa, kwa hiyo gari lilitoka Machi au muda mfupi baada ya hapo.

Hapo mambo yakaeleweka. Vigo ilianza Thailand mwaka 2004 na ikaendelea mpaka Hilux iliyoirithi, Revo, ilipoingia 2015. Katikati ya 2011 Toyota walibadilisha uso wake: boneti, fenda, taa, shoo, bampa, vyote vya mbele vikawa vingine. Thailand wakaiita Vigo Champ. Vitu hivyo vya mbele vinakwenda kwa pamoja, huwezi kuchukua taa ya sura mpya ukaiweka kati ya fenda na boneti za zamani. Yangu ya Machi au baada kidogo ni ya zamani, iliyotoka Oktoba mwaka ule ule ni mpya, na kadi zote mbili zinasema 2011 bila uongo wowote.

Duka la pili, la Mbeya, lilinishangaza kwa uzuri. Kijana hakuniuliza mwaka kabisa. Aliomba picha ya kadi na picha ya mbele ya gari, akaingiza namba ya chesisi kwenye katalogi ya Toyota, na gari langu likatoka lenyewe: 1104. Mwaka kwanza, mwezi baadaye, yaani Aprili 2011. Akanieleza kwamba kila kipuri kwenye katalogi kina mwezi wa kuanza na mwezi wa kuishia namna hiyo hiyo, na gari lako lazima liangukie katikati. Kisha akanipa namba ya kipuri. Tarakimu tano za mwanzo zinataja kitu chenyewe, na kwa taa ya kushoto ni 81150 au 81170. Baada ya kistari inafuata 0K, ambayo utaikuta kwenye vipuri vingi vya Hilux na ndugu yake Fortuner. Zile za mwisho ndizo zinazotenganisha sura ya zamani na mpya, na hapo ndipo nilipoliwa. Taa ya mtumba safi, 190,000. Iliingia kwa bolti zake, bila nyundo.

Si kila kitu kinasumbua. Breki pedi, filta za oili na dizeli, beringi za mbele, nimekuwa nikiagiza kwa "KUN25, 2KD" tu na vimeingia. Turbo iwe macho: kuna 2.5 zenye turbo ya kawaida na zenye turbo ya mapezi yanayojipanga yenyewe, kwa hiyo soma bati la turbo lenyewe kabla ya kulipa. Nozeli nazo nanunua kwa namba iliyoandikwa juu yake. Na jirani yangu ana Vigo iliyotoka Uingereza, kadi yake imeandikwa 2012 lakini uso ni wa zamani. Alipokagua mkanda wa siti alikuta 2011.

Kuhusu gari lenyewe, sijutii. Gunia kumi za viazi inapanda nazo milima ya Makete kwa gia ya pili bila kulalamika, na dizeli inakula lita 1 kwa kilomita 10 hivi ikiwa na mzigo. Majani ya springi za nyuma niliongeza moja kila upande. Nililinunua likiwa na kilomita 187,000 na mwenyewe hakuwa na uhakika wa mkanda wa taimingi, kwa hiyo niliubadilisha wiki ile ile kabla ya safari ya kwanza. Usimwamini muuzaji akisema taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha mkanda huo, haijawaka; taa hiyo inaweza kuzimwa.

Taa ile ya kwanza bado iko stoo, kwenye boksi lake, haina mkwaruzo. Ni ya kushoto, Vigo ya sura mpya, usukani wa kulia. Mwenye gari la sura hiyo anitumie picha ya mbele na mwezi ulioandikwa kwenye mkanda wake wa siti, nitampa kwa 150,000.