TAHADHARI: "Mtaalamu wa ruzuku" wa koti la kaki sasa yuko Kisumu

Vikundi vya vijana vya Nyalenda, Manyatta na Obunga, shikeni mifuko. Yule bwana wa koti la kaki, anayejidai kuvitafutia vikundi ruzuku za wafadhili, aliyevitafuna vikundi vya Kaptembwo na Rhonda huku Nakuru amehamia kwenu, na faili ni lile lile la bluu.

Shilingi 58,500 kwa kikundi kimoja. Hazitoki siku moja, na hapo ndipo ujanja ulipo. Kwanza 3,500 za "kusajili ombi". Halafu 15,000 za kuandika pendekezo la mradi, kisha 12,000 za mkaguzi wa hesabu. Za mwisho ni 28,000, na hizo ndizo zinazouma, kwa kuwa zinatolewa kwa furaha. Ijumaa saa kumi na moja jioni, benki imefungwa, ofisi ya maendeleo ya jamii imefungwa, barua inaingia kwenye WhatsApp: mmefaulu, shilingi milioni 2.4 kwa mafungu matatu, nembo mbili juu, muhuri mwekundu chini. Dakika kumi baadaye simu inalia. Kuna "kodi ya kupokea pesa za nje", ilipwe kabla ya saa mbili usiku, la sivyo nafasi inapewa kikundi cha Eldoret. Watu wanachangishana palepale, mwingine anakopa Fuliza, mweka hazina anabonyeza namba ya siri huku wenzake wanane wakichungulia kioo. Jina linalotokea ni la mwanamke asiyejulikana na yeyote. "Huyo ni mhasibu wetu, endelea tu." Akaendelea. Tangu hapo simu haipatikani.

Msiwacheke. Huyu si wa kubahatisha. Aliomba katiba ya kikundi akaikosoa, na makosa aliyoyaonyesha yalikuwa makosa kweli. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 anaijua, hata ile idadi ya wanachama wasiopungua 10. Anajua kwamba kuwafunza vijana 60 uchomeleaji ni shughuli tu, na kwamba matokeo ni wangapi kati yao hawajakamatwa tena baada ya mwaka. Hapo ndipo maombi mengi ya kuzuia uhalifu huangukia. Tena alikataa pesa taslimu, "ili rekodi iwepo". Nani angemshuku? Na katika jiji lililotikiswa na genge la Confirm mwaka 2022, ukisema kuna pesa za kuwatoa vijana kwenye uhalifu, masikio hufunguka kabla ya macho. Pesa za kuwaepusha vijana na wizi wa simu zikaibwa kwa simu.

Afungwe! Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa miaka 3 kwa anayejipatia mali kwa uongo. Ni michache. Angeitumikia akizibua mitaro ya Rhonda, vijana aliowala wakimtazama.

Dalili zilikuwepo. Lile pendekezo la 15,000, la kikundi cha Kaptembwo, lilisema mafunzo yatafanyika "karibu na soko la Kondele". Kondele, ya Kisumu! Barua pepe ya "mfadhili" ni ya Gmail. Barua ya kufaulu haina bajeti, wakati mfadhili wa kweli huja na mkataba na bajeti mliyoomba, mstari kwa mstari, baada ya kukagua cheti, kumbukumbu za mikutano na taarifa ya akaunti ya kikundi. Ukaguzi wa hesabu huwekwa ndani ya bajeti. Ada ya kuomba haipo. Fomu za mifuko ya serikali, NGAAF na Hazina ya Uwezo, haziuzwi, na Uwezo ni mkopo usio na riba, si ruzuku kama anavyowaambia.

Kibaya kuliko pesa: ameondoka na nakala za vitambulisho na orodha ya vijana waliorekebika, majina, mitaa na makosa yao ya zamani. Kwenye ombi inatosha idadi, umri na jinsia. Orodha hiyo ikifika kwa genge walilolitoroka, itakuwaje? Tena anajua hawatamshtaki, maana kijana aliyewahi kulala seli hapendi kurudi kituoni hata kama ndiye aliyeibiwa.

Aliyetuma sasa hivi, peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 bila kungoja, kwani akishazitoa zimekwenda. SMS zake zipelekeni 333. Msifute mazungumzo wala ile barua. Kituoni dai namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Asiyetaka kwenda huko apige idara ya upelelezi (DCI), 0800 722 203, ni bure.

Akifika huanza na swali moja: "Katiba yenu mnayo hapa?" Mpigeni picha kabla hamjajibu.