Uzoefu wangu na Boss Katana-50 MkII katika maonyesho madogo ya roki

Napiga gitaa la umeme katika bendi ya roki yenye dramu, gitaa la besi na mwimbaji. Kumbi tunazoalikwa ni zile ndogo ambamo sauti ya mwimbaji pekee ndiyo inayopitishwa kwenye spika za ukumbi, na sisi wengine hujitegemea kwa vyombo tulivyokuja navyo. Amplifaya (chombo cha kukuza sauti ya gitaa) ya kazi hiyo ilipaswa isikike juu ya dramu bila msaada wa fundi wa sauti, ibebeke kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika gitaa, na isigharimu zaidi ya gitaa lenyewe. Niliyoichagua ni Boss Katana-50 MkII, na sasa nimeshaitumia mazoezini na jukwaani kwa muda wa kutosha kueleza inachokiweza na mahali inapoishia.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza idadi ya wati, na kwa maoni yangu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiasi ambacho sikio hukitambua lakini halikishangai. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takribani desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo tofauti ya ukubwa wa sauti kati ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 100 ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Spika, kwa upande wake, haiulizwi sana, ingawa spika mbili zinazolishwa umeme uleule zinaweza kutofautiana kwa hizo desibeli 3 kutokana na utengenezaji wake tu. Ndiyo maana nilikataa mapema amplifaya zote za mazoezi zenye spika ya inchi 6 au 8, hata zile zilizoandikwa wati nyingi, kwa sababu spika ndogo ndani ya kisanduku kidogo haisukumi hewa ya kutosha pale mpiga dramu anapoanza kupiga kwa nguvu. Katana-50 ina spika moja ya inchi 12, na katika bei yake hilo lilinivutia kuliko jambo lolote lililoandikwa kwenye boksi.

Nilizipima pia amplifaya za vali (mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya umeme) za wati 15, kama vile Fender Blues Junior na Vox AC15, ambazo zote hutumia vali za EL84 katika hatua ya mwisho ya kukuza sauti. Wapo wanaosema wati za vali zina nguvu kuliko za transista, vipande vidogo vya kielektroniki vinavyofanya kazi hiyohiyo katika amplifaya kama hii yangu. Wati ni wati, ila vali ikisukumwa kupita kiwango chake huanza kukwaruza polepole na kwa namna inayopendeza, hivyo mpigaji huendelea kuongeza sauti bila kuona tatizo, ilhali amplifaya ya transista ikifika ukingoni hukatika kwa ukali usiovumilika. Matokeo yake ni kwamba amplifaya ya transista inahitaji akiba kubwa zaidi ya wati ili isifike kwenye ukingo huo. Kama muziki wako wote ni wa mikwaruzo, vali za wati 15 zitakutosha katika ukumbi mdogo, na huenda ukazipenda kuliko hii yangu. Mimi nina nyimbo kadhaa zenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazopaswa kubaki safi huku dramu zikipigwa kwa nguvu, na hapo wati 50 za transista hunipa nafasi ambayo wati 15 za vali hazinipi. Isitoshe, vali huchakaa na kubadilishwa, wakati Katana ina uzito wa kilo 11.6 na haihitaji matunzo zaidi ya kufutwa vumbi.

Ina aina tano za sauti: Acoustic, Clean, Crunch, Lead na Brown. Clean ndiyo iliyonishawishi kuinunua, kwa kuwa haiyumbi hata ninapopiga kwa nguvu. Muda mwingi hutumia Crunch, nikiacha nobu ya gain, inayoongeza mikwaruzo, chini ya nusu, kisha nikapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe ninapotaka kusafisha. Brown ni ya mikwaruzo mizito, na kwa nyimbo zetu sioni haja yake. Mwangwi, dilei (sauti inayojirudia baada ya kuchelewa kidogo) na athari nyingine za sauti zimo ndani, zinatosha.

Jambo lililobadilisha zaidi jinsi ninavyosikika jukwaani ni namna ya kupanga nobu. Sauti inayopendeza ukiwa peke yako chumbani, yenye besi nyingi na sauti ya kati iliyopunguzwa, hufifia mara bendi nzima inapoingia. Waya mzito wa gitaa hutoa takribani hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na ule wa gitaa la besi hezi 41, na ngoma kubwa ya miguu nayo iko hukohuko chini. Ukiongeza besi kwenye gitaa, unagombania eneo lenye wenyewe. Mimi huweka besi chini ya nusu na sauti ya kati juu yake, na ingawa nikiwa peke yangu gitaa huonekana jembamba, likiingia pamoja na wenzake husikika kila noti. Naiweka pia juu ya kiti na kuiinamisha nyuma kidogo, kwani sauti kali za spika ya inchi 12 huenda mbele kwa mstari mwembamba, na amplifaya iliyo sakafuni huzipeleka kwenye magoti ya mpigaji.

Mipaka yake ni ya kuzingatia kabla ya kununua. Ukichomeka kebo kwenye tundu la hedifoni na kurekodia, spika yake hunyamaza, kwa hiyo ukumbi ukitaka kupitisha gitaa kwenye mitambo yake, utahitaji maikrofoni mbele ya spika. Shure SM57 inatosha kabisa. Haina njia ya kuingizia pedali za dilei (visanduku vya athari vinavyokanyagwa kwa mguu) kati ya hatua mbili za ukuzaji, jambo litakalowasumbua wenye pedali nyingi. Pedali ya kubadilishia sauti zilizohifadhiwa huuzwa peke yake, na kuna mipangilio isiyofikiwa bila kuunganisha kompyuta na programu ya Boss Tone Studio, utaratibu ambao mimi siupendi kwa chombo cha jukwaani.

Kwa anayetafuta kilichotumika, Peavey Bandit 112 ni mshindani wa kweli: ni ya transista, ina spika ya inchi 12 na nguvu ya kuzidi hii yangu, lakini ni nzito zaidi.

Unapoijaribu Katana dukani, ona kwanza kama swichi ya nguvu iko kwenye wati 50, kwa sababu ina pia kiwango cha wati 25 na kingine cha nusu wati kwa matumizi ya nyumbani. Chagua Clean, zima athari zote, na upige kodi nzito kwa sauti ya juu kadiri mwenye duka atakavyokuruhusu.