Unga wa chavua na gundi ya nyuki kwa wanakondoo: uzoefu wangu hapa Mufindi

Nafuga kondoo wa kienyeji kandokando ya mji wa Mafinga, mkoani Iringa, na kinachoninyima usingizi kuliko vyote ni kipindi cha kuwaachisha wanakondoo kunyonya. Kikiangukia Juni au Julai, baridi ya Mufindi imeshashika na malisho yamekauka. Mtoto aliyekuwa akirukaruka anaanza kuhara, ananywea, manyoya yanamsimama. Kwa ajili ya hao nilinunua unga wa chavua (vumbi la maua wanalokusanya nyuki) na gundi ya nyuki (utomvu wanaozibia mzinga) kutoka kwa wafugaji wa nyuki wa upande wa Sao Hill.

Niliwapa wale dhaifu, hasa mapacha, kila mmoja nusu kijiko cha chai ndani ya pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Mwanzoni walinusa wakageuka, maana gundi ya nyuki ni chungu na harufu yake ni kali. Nikaanza upya na chembe kidogo tu, nikaongeza polepole, mwishowe wakawa wanasukumana kwenye kihori. Hamu ya kula ndiyo faida niliyoiona waziwazi. Kuhara nako kulipungua, ingawa wakati huohuo nilikuwa nimekausha sakafu ya banda na kubadilisha matandiko, kwa hiyo sifa zote siwezi kuupa unga.

Suala la kunenepesha haraka, kama muuzaji alivyonisifia, hilo silikubali. Chavua ina protini ya kutosha, mara nyingi karibu asilimia 20, lakini piga hesabu: nusu kijiko ni kama gramu mbili au tatu, ndani yake protini ni nusu gramu hivi. Mwanakondoo anayekua anahitaji makumi ya gramu kwa siku. Mwili unajengwa na mashudu, majani mazuri na maziwa ya mama. Gundi ya nyuki ina viambata vinavyozuia baadhi ya bakteria, na nadhani msaada wake uko zaidi tumboni kuliko kwenye mzani.

Kopo pia liliandikwa kwamba linatibu minyoo. Tafadhali msitegemee hivyo, hasa wakati wa mvua. Mimi nafunua kope la chini: nikikuta weupe badala ya wekundu, najua huenda minyoo inanyonya damu, namwita afisa mifugo tupange dawa. Na mtoto aliyezaliwa leo simpi unga wowote. Wake ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ashibe ndani ya saa chache za kwanza, kwa sababu kinga ya mama hupitia humo na tumbo lake halibaki wazi kuipokea kwa muda mrefu.

Kopo la pili lilikuja na madonge na harufu ya ukungu. Chavua isiyokaushwa vizuri huvunda upesi, hasa kwa unyevu wa huku kwetu, na chakula chenye ukungu kinaweza kumdhuru mnyama. Nililirudisha, wakanibadilishia bila ubishi, na hilo nawapongeza. Sasa kabla ya kulipa nafungua kifuniko, nanusa, nasugua punje kidoleni, zikinata naacha.

Kuna jambo moja la hatari ambalo sitaki mfugaji yeyote alipuuze. Wapo wanaouza unga huu ukiwa umeshachanganywa na madini ya ng'ombe. Kataa. Madini hayo mara nyingi yana shaba, na kondoo hawaihimili kwa wingi kama ng'ombe wanavyoihimili; inajilundika kwenye ini kimyakimya, halafu siku moja mnyama anakojoa mkojo mwekundu na kufa.

Nitanunua tena, kopo dogo, kwa ajili ya mapacha na walioachishwa wakati wa baridi tu. Kundi zima siligawii unga huu, kwa sababu kwa bei ya kopo moja napata mashudu ya kuwalisha wengi zaidi. Ukienda kununua, uliza chavua ilivunwa lini na ilikaushwa wapi, na uombe ile isiyochanganywa na kitu kingine.